Mzigo wa Kwenda na Mzigo wa Kurudi: Wanafunzi Wetu wa Udaktari Mjini Geneva



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, mji wa Geneva nchini Uswisi hupokea mawaziri wa afya, mabalozi na mabingwa wa tiba kutoka pembe zote za dunia. Huja kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, ambao ndio baraza la juu la Shirika la Afya Duniani, ambalo katiba yake ilianza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Pamoja na wakubwa hao huja wanafunzi wa udaktari, wala hawaji kwa kupenyeza. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari, lililoasisiwa Copenhagen mwaka 1951, lina uhusiano rasmi na Shirika hilo. Kwa sababu hiyo wanafunzi hupewa vitambulisho, huketi ukumbini, na huweza kutoa kauli fupi mbele ya mataifa.

Safari hii vijana watatu wa pwani yetu walikuwamo. Mmoja wao ni binti wa dada yetu, aliye katika mwaka wa tano wa masomo. Wazazi wake waliridhia kwa sharti moja, kwamba asafiri na maharimu wake, na jukumu likatuangukia sisi mjomba wake. Suala la safari ya mwanamke wanazuoni wamelijadili kwa urefu, na si lengo letu kulirudia hapa. Twalitaja tu ili msomaji ajue ni vipi sisi, ambao elimu yetu ni ya chuoni na darsani, tulijikuta katika mji wa waganga na mabalozi.

Kabla ya safari palizuka mjadala barazani, nao ulikuwa mjadala wa haki. Michango ilikuwa imeombwa kwa jamaa, kwa wafanyabiashara wa mtaa na katika vikundi vya akina mama. Mzee mmoja aliyechanga akauliza mbele ya watu: Je, fedha hizi hazingenunua vitanda na magodoro ya zahanati? Watoto watakwenda kupigwa picha mbele ya bendera, kisha warudi na mifuko iliyochapishwa majina ya mikutano, na mgonjwa wetu atapata nini? Baadhi ya watu walinung'unika, lakini sisi tuliona swali hilo lina uzito. Fedha ya umma ni amana, na mwenye kuitumia huulizwa. Tukawaambia vijana walibebe swali hilo pamoja na mizigo yao, nasi tukalibeba pia.

Matayarisho yenyewe yalikuwa darasa. Anayeomba viza ya nchi za Schengen hutakiwa kuonyesha barua ya chuo, mwaliko, taarifa za benki, mahali atakapolala, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mtoto wa mvuvi au wa mwenye duka dogo hukusanya karatasi hizi kwa miezi, na huku ana mitihani na zamu za wodini. Tuliyashuhudia haya kwa macho yetu, na tukafahamu kwa nini vijana wengi wenye akili njema hawafiki huko kabisa. Haiwi kwamba hawana la kusema. Mlango una ngazi nyingi, na kila ngazi ina gharama yake.

Geneva umejengwa pale ambapo mto Rhône hutoka katika Ziwa Léman na kuanza mwendo wake kuelekea Ufaransa na bahari ya Mediterania. Lugha ya mji ni Kifaransa. Siku ya mawingu machache huonekana kwa mbali theluji ya Mont Blanc. Ndani ya ziwa pana chemchemi ya kutengenezwa na watu, ambayo hurusha maji juu kiasi cha mita 140, na kila sekunde hutoka lita 500. Mgeni kutoka Mombasa, mji ambao hutegemea maji yaletwayo kutoka Mzima na Baricho na ambao nyumba zake nyingi hungojea mfereji kwa siku kadhaa, hatazami chemchemi hiyo bila kupiga hesabu. Vijana wetu walipiga. Mmoja akasema kwamba kipindupindu hakingepata pa kuingilia katika mji wenye maji namna hii, na maneno hayo yalikuwa somo lao la kwanza la afya, kabla hawajaingia mkutanoni.

Jambo lililotusumbua sisi zaidi lilikuwa jua. Mwishoni mwa Mei, Magharibi huko huingia baada ya saa tatu za usiku, na Isha husogea karibu na usiku wa manane. Alfajiri nayo haikawii. Vijana waliokuwa wakitoka mkutanoni wamechoka walilazimika kuupanga usingizi wao vipande vipande. Twawapa sifa yao: hatukuwaamsha kwa nguvu hata siku moja.

Siku mbili kabla ya Mkutano, wanafunzi wa nchi mbalimbali walikutana peke yao kujitayarisha. Kila kundi lilitakiwa kueleza dhiki moja ya kwao. Wetu walichagua sumu ya nyoka. Huenda msomaji wa mjini akashangaa, lakini aliye na jamaa Kilifi ya ndani, Kwale au Tana River hatashangaa. Swila na moma ni majirani wa mkulima na mfugaji. Mwanamke huumwa akiokota kuni, mtoto huumwa akienda kisimani au akilala chini. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki duniani kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu au kukatwa viungo ni takriban mara tatu ya hao. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu ulipitisha azimio juu ya jambo hili, na mwaka 2019 ukatolewa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030.

Binti yetu ndiye aliyesimama kusema. Alieleza habari ya mtoto aliyemwona wakati wa mafunzo ya wodini. Mtoto huyo aliumwa asubuhi. Mamake hakuwa na nauli, akaanza kwa jirani mwenye lile jiwe jeusi la nyoka, likabandikwa juu ya jeraha na mguu ukafungwa kamba kwa kukazwa. Walipofika hospitalini jua lilikuwa limeshatua, na dawa ya kuvunja sumu haikuwapo, ikatafutwa kwingine. Mtoto alipona, lakini mguu ulikatwa. Binti hakulia wala hakupaza sauti. Aliyataja mambo matatu yaliyomkosesha mtoto mguu wake: nauli, elimu na dawa. Kisha akakaa.

Baadaye alimjia mwanafunzi kutoka India, nchi ambayo nyoka huua watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Walikaa kwa saa nzima wakilinganisha mambo. Kwao pia kuna waganga wa jiwe na wa kamba. Kwao pia mkulima hutembea miguu mitupu usiku. Mwanafunzi huyo alimweleza jinsi wanavyofundisha vijijini mambo madogo yasiyo na gharama kubwa: kuvaa viatu vya kufunika mguu shambani, kutembea na tochi, na kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, kwani chandarua humzuia nyoka kama kimzuiavyo mbu. Haya yote binti aliyaandika daftarini kwa Kiswahili, ili asije akayatafsiri upya akirudi.

Mkutano wenyewe hufanyika katika Palais des Nations, jumba lililojengwa kwa ajili ya ule Ushirika wa Mataifa uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Jumba hilo limo ndani ya bustani ya Ariana, ambayo mwenyewe, Gustave Revilliod, aliwaachia wakazi wa mji kwa wasia mwaka 1890. Husimuliwa kuwa miongoni mwa masharti yake ni kwamba tausi waachwe watembee humo kwa uhuru, na hadi leo tausi wapo. Sisi tuliokulia katika miji ambayo wakfu ulijenga visima, misikiti na nyumba za wasafiri, tuliifahamu habari hiyo mara moja. Mtu amekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, na sharti lake kwa ndege wasiojua kusema bado laheshimiwa. Laiti wakfu zetu zote zingehifadhiwa hivyo.

Sisi hatukuwa na kitambulisho cha kuingia, basi tulibaki nje katika uwanja ulio mbele ya lango. Hapo pamesimamishwa kiti kikubwa cha mbao, kimo chake mita 12, na mguu wake mmoja umevunjika vipande. Ni kazi ya Daniel Berset, na kiliwekwa mwaka 1997 kuwakumbusha wanaoingia humo juu ya watu waliokatwa miguu na mabomu ya kutegwa ardhini. Tulikitazama kwa muda, na fikira zetu zilikuwa kwa yule mtoto wa moma.

Tukiwa hapo tuliufuata Mkutano kwa simu, kwani hurushwa kwa intaneti katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Sisi tulisikiliza kwa Kiarabu, na tulifaidika. Lakini Kiswahili hakimo, sembuse Kigiriama au Kidigo. Mama wa Kilifi hawezi kusikika mle ila apate mtu wa kumsemea, na mtu huyo sharti awe amekaa naye wodini na tena awe na kibali cha kukaa ukumbini. Watu wenye sifa hizo mbili ni wachache sana. Hapo ndipo tulipoanza kuona jibu la mzee wetu.

Mchana huo mwanafunzi mmoja alisoma kauli ya pamoja ya shirikisho lao. Alipewa dakika moja tu, yaani takriban muda wa kukimu Sala. Vijana wetu walikuwa wamekesha usiku pamoja na wenzao wa mabara mengine wakiipunguza kauli hiyo neno kwa neno. Hatudai kwamba dakika hiyo iliigeuza dunia. Mawaziri wengine walikuwa wakisoma karatasi zao. Lakini yaliyosemwa yameandikwa katika kumbukumbu, na vijana walijifunza kuwa anayetaka kusikilizwa na wakubwa hana budi kuijua haja yake vizuri kiasi cha kuieleza kwa pumzi moja.

Ijumaa tulisali katika msikiti wa Petit-Saconnex, mwendo mfupi kwa miguu kutoka jumba la mikutano. Ulifunguliwa mwaka 1978 kwa msaada wa Saudi Arabia, na mnara wake bado umesimama, ingawa Waswisi walipiga kura mwaka 2009 kuzuia kujengwa kwa minara mipya. Inafaa msomaji ajue pia kwamba wapiga kura wa jimbo la Geneva walilikataa katazo hilo. Tulisali bega kwa bega na watu wa Somalia, Uturuki, Kosovo na nchi za Maghribi, na baada ya Sala vijana wetu wakaulizwa ni nani na wametoka wapi. Waliposema wamekuja kwa ajili ya afya za watu, mzee mmoja wa Kisomali akawashika mikono na kuwaombea dua ndefu.

Dua ile ilitupeleka kwenye jambo la mwisho. Katika uwanja wa makao makuu ya Shirika la Afya Duniani pana sanamu iliyozinduliwa mwaka 2010, ya watu wanne, mmoja wao akiwa karibu kuchanjwa mkononi. Ni ukumbusho wa kutokomezwa kwa ndui. Vijana wetu waliijua ndui kwa vitabu tu. Sisi tuliwaona wazee wenye makovu yake usoni. Ndiyo maradhi ambayo Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliyaandikia kitabu akiyapambanua na surua. Katika karne ya 20 peke yake inakadiriwa kuwa iliua watu milioni 300. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu ulitangaza hapa Geneva kwamba dunia imesalimika nayo.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida hakuwa wa nchi ya mbali. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Marka, katika pwani ya Banadir. Marka ni jirani wa Barawa, ambako husemwa Chimini, lugha ndugu ya Kiswahili chetu, na majahazi ya huko yalifika Lamu na Mombasa kwa karne nyingi. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili kuonyesha njia, safari ya dakika chache, akaambukizwa. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa. Baadaye alisema kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Wahudumu waliwatafuta wote aliokutana nao, na zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa mjini na kandokando yake katika muda wa wiki mbili. Yeye akapona, na ndui ikakoma.

Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kampeni ya kuondoa polio nchini kwake. Aliwaendea wazazi waliokataa chanjo na kuwasimulia yaliyompata yeye. Mwaka 2013 polio iliporejea Somalia na kuvuka mpaka hadi kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, alikuwa kazini. Alifariki mwezi wa Julai mwaka huo kwa malaria, akiwa bado katika kampeni hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tulipomaliza kulizungumza hilo, binti yetu akasema: "Mjomba, azimio liliandikwa hapa, lakini ndui ilimalizwa Marka, na watu wa Marka wenyewe. Kwetu kuna wazazi wanaoficha watoto wahudumu wa chanjo wakipita. Sisi tukisema, huambiwa tumefundishwa na wazungu. Mjomba akisema, watasikia."

Tukamjibu: "Mwanangu, tukisema peke yetu tutakuwa twasema tusiyoyajua. Tukae pamoja mbele ya watu. Nyinyi mseme la tiba, nasi tuseme la dini, kisha watu waulize wanalotaka."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya tatu baada ya kurejea, baina ya Magharibi na Isha, vijana watatu waliketi mbele ya jamaa msikitini, na asubuhi ya pili binti akakaa na akina mama ukumbini mwa madrasa. Kwanza ilisomwa hesabu ya michango, shilingi kwa shilingi, pamoja na kilichobaki. Kisha wakaeleza habari ya nyoka: aliyeumwa asikatwe wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, wala asipotezewe muda kwa jiwe. Avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, kiungo kitulizwe kisichezechezwe, na akimbizwe hospitali. Kisha wakaeleza chanjo. Maswali yalikuwa makali. Mama mmoja aliuliza kuhusu uvumi kwamba chanjo huvunja uzazi, na mwingine akauliza kama ni halali. La kwanza wakalijibu vijana kwa ushahidi wa tiba. La pili tukalijibu sisi, kwamba kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria, na kwamba mzazi ni mchunga atakayeulizwa juu ya alichokichunga. Hatusemi wote waliridhika. Lakini akina mama wanne walileta kadi za watoto wao kuangaliwa siku ile ile, na wawili kati yao walikuwa wamekosa chanjo.

Mwenye kuuliza kama fedha ya safari ilipotea au haikupotea, na azipime hizo siku mbili. Wala vitanda vya zahanati visisahauliwe, navyo vinahitajika. Ushauri wetu kwa jamaa ni kwamba tutakapomtuma kijana mwingine kwenye mkutano kama huu, tumwekee masharti matatu. Aende na dhiki ya watu wake aliyoiona kwa macho, si hotuba aliyonakili. Arudi na jambo ambalo mtu asiyejua kusoma aweza kulitenda. Na katika mwezi wa kwanza wa kurejea kwake, akae mbele ya waliomchangia awape hesabu ya fedha na ya elimu.

Vijana hawa sasa wamerudi vyuoni. Likizo ijayo wanakusudia kwenda vijijini Kilifi ya ndani na somo lile la nyoka. Wanahitaji gari la siku tatu na mtu wa kuwafasiria Kigiriama. Aliye na uwezo wa kimojawapo awaone wazee wa msikiti wake baada ya Sala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.